Podikasti Iliyosikilizwa na Mtu Mmoja

Nimewazuia wanafunzi arobaini kufanya mtihani kwa kosa nililolifanya mimi.

Nafundisha historia chuoni, hapa Bukoba. Wiki iliyopita nilirekodi somo la podikasti nikiwa kwa mama, kijijini Kagoma, nikalipandisha mtandaoni. Siku tatu baadaye ukurasa ulionyesha msikilizaji mmoja tu. Hasira zikanipanda. Niliandika majina ya darasa zima, nikayapeleka ofisi ya mitihani wazuiwe, kisha nikaingia darasani nikifoka: "Mmenidharau!"

Kokugonza, kiongozi wa darasa, akasimama. "Samahani, mwalimu. Bando ni ghali. Mmoja anapakua, tunasikiliza wote kwa spika pale hosteli, Miembeni."

"Uongo! Somo linaishia wapi?"

"Linaishia kwa mama yako, mwalimu. Anasema, 'Acha kuongea peke yako kama kichaa, njoo ule ndizi, ebitoke vinapoa!' Nawe unajibu, 'Nakuja, mama, nawasaidia hawa wavivu.'"

Darasa zima likaangua kicheko. Asiyeisikiliza rekodi ile nilikuwa mimi.

Nilikimbilia ofisi ya mitihani. Imefungwa. Mtihani ni kesho saa mbili asubuhi, na orodha yangu tayari imebandikwa mlangoni.