Shuka Sita Kutoka Angani

Paa! Shuka mbichi ikikung'utwa mara moja tu, kwa mikono miwili, kabla ya kupanda kambani. Ndiyo sauti ninayomkumbukia bibi yangu Orsola, dobi wa mtaa wa Castello hapa Venice. Akishaikung'uta, huisimamisha kidogo hewani, aone pembe yake inaelekea wapi. Hapo alijua siku nzima itakavyokuwa.

Mwaka 1849, Waaustria walipotuzingira, alikuwa na huzuni moja kubwa kuliko vita. Binti yake Fosca, ambaye ndiye mama yangu, alikuwa aolewe na Anzolo mpiga kasia mwezi wa Julai. Kwetu bibi arusi haondoki kwao bila shuka sita. Na zile sita alizoziweka sandukuni tangu Fosca ana miaka mitatu, Orsola alizipeleka hospitali ya majeruhi, zikachanwa kuwa bendeji.

Mama yake Anzolo, Siora Perina, hakutaka kusikia.

"Dada Orsola, nakuheshimu. Lakini mwanangu hatalala juu ya magunia."

"Shuka zangu zimefunga vidonda vya wana wa mji huu, Perina."

"Mungu akulipe. Akulipe kwa shuka sita."

Siku tatu kabla ya harusi, asubuhi, watu wakaanza kupiga kelele mitaani. Mizinga ya adui ilikuwa haifiki mjini, basi kule bara wamerusha maputo, na chini ya kila puto linaning'inia bomu lenye utambi unaowaka. Hakuna aliyewahi kuona vita vikitembea juu ya mapaa. Perina alikuja mbio, akapanda hadi kwenye jukwaa la mbao juu ya paa letu, mahali pa kuanikia, akamkuta Orsola anaendelea na kazi yake.

"Mwanamke, una wazimu? Shuka chini tufe kwa heshima!"

Paa! Orsola akakung'uta, akatazama pembe.

"Sasa hivi ni saa nne. Upepo wa bara unachoka. Saa tano unaingia wa baharini. Yatarudi kwao."

"Nani kakwambia? Jenerali?"

"Jenerali haaniki nguo. Mimi nimeanika miaka thelathini. Hebu nishikie upande huo."

Perina akashika.

Ilipogonga saa tano, nguo zote kambani zikageuka pamoja, zikaelekea bara. Na kule juu ya maji, maputo yakasita. Yakazunguka, yakageuka, yakaanza kurudi taratibu kwa walioyatuma. Mji mzima ulipiga makofi. Watu walipunga vitambaa kutoka madirishani, wakaita, "Wasalimieni nyumbani!"

Puto moja tu lilikuwa limechoka. Bomu lake lilikatika, likalipuka kwenye kina kifupi na kuua samaki kibao, mikizi mitupu. Lenyewe likajilaza juu ya matope nyuma ya mtaa wetu, jeupe, kubwa kama kanisa dogo.

"Kitambaa!" akapiga ukelele Orsola.

Alishuka ngazi kama msichana, akapandisha sketi, akazama kwenye matope hadi magotini. Alipovuta, akahisi mtu anavuta upande wa pili. Alikuwa Perina, kapoteza kiatu kimoja.

"Vuta, mama mkwe, vuta!" Anzolo alikuwa anacheka kwenye mashua. "Mama, na wewe vuta!"

"Nyamaza wewe! Hii ni kitani, hii?"

"Kitani safi kilichobandikwa karatasi," Orsola akasema. "Kaisari wa Vienna amesikia unadai shuka, kaona aibu."

Perina alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

Siku mbili walichemsha kitambaa kile kwa maji ya majivu, karatasi na gundi vikatoka. Zilipatikana shuka sita pana, na cha ziada kikagawiwa majirani. Kwenye shuka moja, ile niliyozaliwa juu yake, bado kuna doa la moshi ambalo bibi hakuweza kulitoa, au hakutaka.

Harusi ikafanyika adhuhuri, uani kwetu. Mkate haukuwepo, ila ugali wa manjano ulikuwepo, na ile mikizi, iliyokwisha kulazwa kwenye siki na vitunguu. Perina alicheza dansi, kiatu kimoja kikiwa kipya. Anzolo akainua glasi.

"Tunywe kwa wapumbavu waliosahau kuuliza upepo!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Orsola alicheka hadi machozi, akanywa yake yote. Kisha, akiwa bado anajifuta macho, akamwinamia mama yangu sikioni, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Mwanangu, omba tu wasije wakajifunza kuuliza upepo."