Nishani ya Babu Mzimamoto

Nyanya alipokuja kuishi nasi Germantown, huku Marekani, alileta sanduku moja, na ndani yake, katikati ya leso mbili, kijitabu cha kazi cha babu. Babu alikuwa mzimamoto Nairobi enzi za ukoloni. Mfalme wa Uingereza alikuwa ameanzisha nishani ya polisi na wazimamoto wa makoloni: ukitumika miaka kumi na minane kwa tabia njema, unavishwa. Babu aliimaliza miaka hiyo. Nishani haikufika. Alimwambia nyanya kwamba Waingereza waliondoka nayo, na akafa akisema hivyo hivyo.

Sasa nyanya alitaka niwaandikie barua waitume.

"Nyanya, ya nini? Watu walitunyang'anya mashamba, halafu wewe unawadai kipande cha chuma?"

"Mimi ndiye niliyefua zile nguo zinazonuka moshi. Nataka kukishika hicho chuma kabla sijafa. Andika."

"Na nani aliamua iwe miaka kumi na minane? Kwa nini si kumi?"

"Si uwaulize hukohuko kwenye barua? Wewe maswali yanakutoka kama chafya."

Basi Jumamosi moja mama alirudi kutoka Gaithersburg, anakotunza wazee, akaingia jikoni kukaanga mandazi. Mimi na nyanya tukaketi mezani, kompyuta yangu ikiwa wazi, kutafuta namba ya kazi ya babu. Nyanya hasomi Kiingereza. Nilifungua kila ukurasa, na kwenye ule wa mwisho nikakuta tarehe na mistari miwili ya wino mwekundu. Aliacha zamu bila ruhusa. Moto wa ghala ukazimwa bila yeye. Hapendekezwi kupewa nishani.

Chini yake palikuwa na sahihi ya babu. Kumbe alijua siku zote.

Tarehe ile niliifahamu, maana kila mwaka ndiyo siku ninayoagiza keki. Ni siku aliyozaliwa mama.

Mimi ndiye huwahubiria watu kwamba ukweli usemwe hata ukiuma. Pale mezani nilianza kutafuta kalamu niliyokuwa nimeishika.

"Umeona nini?" nyanya akauliza.

Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole. Vidole vyake vikanyoosha leso moja ya zile mbili.

"Alikuja na kofia yake ya kazi kichwani," akasema. "Mkunga alikuwa bado hajafika. Nikamuuliza, na kazi je? Akasema wamempa ruhusa." Akatikisa kichwa. "Mzee yule! Miaka yote hiyo."

Kisha akageukia jikoni. "We! Njoo usikie ulivyomgharimu baba yako!"

"Mimi tena?" mama akajibu, akichungulia na mwiko mkononi. "Nimefanya nini, nami nimesimama hapa nikiwapikia?"

"Ulizaliwa!"

"Hilo nalo si kosa langu, mama. Muulize aliyenizaa."

Nyanya alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, na sikuweza kujua ni machozi ya kitu gani hasa. Mimi nikaanza kufunga kompyuta, nikidhani yamekwisha.

"Unafunga nini?" akanikemea. "Andika. Waulize, mke wa huyo mfalme wao alipokuwa akijifungua, yeye mfalme alikuwa wapi? Alikuwa akizima moto wa nani?"

Nikaandika neno kwa neno, huku mama akiniwekea mandazi karibu na kiwiko. Nilipofika mahali pa kuiomba nishani, nyanya akanizuia.

"Hiyo acha," akasema. "Tunataka jibu tu."