Wiki Niliyoianzisha Jumamosi

Nianze kwa kukiri: siku yangu ya kwanza kazini nilifundisha kitu nisichokijua. Nilikuwa na miaka kumi na sita, ambayo ndiyo niliyonayo hadi leo, maana ualimu wangu ulidumu wiki tatu. Vijana mnaochipukia, msikilizeni mstaafu.

Kituo changu kilikuwa baraza la Bibi Mwanaidi, jirani yetu hapa Mafiga. Yeye ndiye alikuwa mwajiri, mkaguzi na mpishi wa mihogo ya mwalimu. Binti yake anapika kwenye nyumba ya watu huko Hispania, na mjukuu wake Zuhura, wa miaka saba, alitakiwa ajue siku na miezi ya huko kabla hajamfuata mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si unaangalia mpira wa Kihispania?"

"Kihispania? Mbona hicho changu kabisa!"

"Usije ukanidanganyia mtoto."

"Mimi tena, bibi?"

Kitaalamu, somo huanza na jedwali. Nilitoa orodha ya siku zao kwenye simu, nikaiandika ubaoni ubavuni mwa ya kwetu. Ya kwao ilianza na lunes. Ya kwetu, kila mtu anajua, inaanza Jumamosi, siku ya mosi. Nikazioanisha hivyo hivyo. Sikukagua, mihogo ilikuwa inapoa. Miezi ilikwenda sawa, kwa kuwa Januari haigombani na mtu.

"Jumamosi?"

"Lunes!"

"Alhamisi?"

"Sábado!"

Zuhura na watoto watatu wa jirani waliojiunga na somo walipiga kelele mpaka kuku wakahama. Mkaguzi alipiga makofi.

Wiki ya tatu mama yake alipiga simu, akamnong'oneza Zuhura kuwa atapiga tena sábado, kwa video, amsikie akitaja siku zote. Bibi asiambiwe, wamshangaze.

Alhamisi Zuhura alivaa gauni la Idi, akakaa barazani na simu ya bibi mapajani. Nilipotoka shule nikamtania, "Madamu, unasubiri mchumba?" Hakucheka. Adhana ya magharibi ilimkuta palepale.

Jumamosi, katikati ya somo, simu ikalia. Zuhura akaipokea, akamsukumia bibi.

"Mwambie nimelala."

"We Zuhura! Mama yako huyo!"

"Alisema sábado. Hakupiga. Hanitaki." Akakimbilia ndani.

Kwenye kioo mama yake alikuwa bado na aproni. "Lakini sábado si ndiyo leo, mwanangu?" Kisha akasema simu ni ya tajiri wake, anaidai. Ikakatika.

Bibi akanigeukia taratibu. "Ticha. Leo siku gani?"

Nikautazama ubao wangu: lunes yao ni Jumatatu, mimi nimeibandika kwenye Jumamosi. Hapo ndipo nilipostaafu.

Nilimwambia Zuhura kupitia mlangoni kwamba mama yake hakudanganya, mimi ndiye. Akauliza, "Sasa atapiga lini?" Nikaenda kuufuta ubao wote.

Nimewahi kuchapwa shuleni kwa utani mwingi, na sikujutia hata mmoja. Huu naujutia kila Alhamisi.

Nyumbani nilimsimulia mama akichambua mchele wa Dakawa. Nikajaribu kuchekesha: kwani nimekosea nini, siku mbili tu! Hakuinua macho kwenye ungo.

"Siku utamfundisha upya," akasema. "Hizo mbili alizolala akijua mama yake hamtaki, utazifuta na nini?"