Tulikwenda kupumzika ziwani na turubai la kambini, mke wangu akaambiwa si Mtanzania

Wakuu, shikamooni wakubwa, na vijana mambo zenu.

Humu mimi ni msomaji tu wa siku nyingi, leo nimeona nami nitue mzigo. Yote nitakayoandika yametokea. Wife amekaa hapa pembeni anasoma, nikiongeza chumvi atanikatiza mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kasulu. Kwetu Muheza, Tanga, ajira ndiyo iliyonipandisha huku kwenye baridi. Wife, nitamwita Editha, ni Muha kabisa, kazaliwa Titye, kakulia Titye, ana saluni yake hapa mjini. Ndoa bado changa, mtoto bado.

Likizo iliyopita nikamwambia twende tukapumzike ziwani. Siyo Kigoma mjini kwenye makelele. Tutafute kijiji kimoja kimya kule kaskazini, mabegi mgongoni, tutembee kwa miguu, tulale kwenye mchanga. Backpacking, kama wale wazungu tunaowaona.

Editha akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu, huku kwetu mtu habebi mzigo milimani kwa raha zake. Ukimwona amebeba, ujue hana namna."

Ila akakubali. Alikuwa amechoka na saluni, na mimi nikiamua jambo nasumbua.

Sasa sikilizeni tulivyojiandaa, maana balaa lilianzia hapo.

Hema hatuna. Nikachukua turubai letu jeupe, yale ya kambi za wakimbizi wa Burundi ambayo yameenea hapa Kasulu. Nusu ya majirani zangu wanayo, wanaanikia mihogo. Nikachukua na blanketi la kijivu, lile lile la huko huko. Dumu la njano la maji, sufuria nikaifunga nje ya begi kwa kamba. Nikajitazama kwenye kioo nikaona nimependeza, mtalii wa ndani!

Hakuna aliyetushangaa Kasulu, wala kwenye gari ya Munanila, kule karibu na mpaka wa Burundi. Tulipoteremka pale, tukaanza kushuka mabonde kuelekea ziwani.

Njiani kila tuliyekutana naye alitusalimia vizuri kabisa, halafu akauliza swali moja. Mnakwenda kwa nani?

Mimi kwa kimbelembele changu najibu, "Hatuendi kwa mtu, tunatembea tu!"

Mtu anatutazama. Anatazama turubai. Anamtazama Editha, anatikisa kichwa, anapita. Mama mmoja aliyekuwa analima maharage alituita, akampa Editha ndizi mbivu, akamwambia kwa Kiha Mungu awatangulie. Editha akapokea, akashukuru, lakini baada ya pale akapunguza maneno. Nilimuuliza kulikoni, akasema hapana, amechoka tu.

Wakuu, mwanamke akisema hapana, amechoka tu, simama hapo hapo umuulize tena. Mimi niliendelea kupiga picha.

Tulifika kijijini jua likiwa bado kali. Pazuri jamani, nisiwafiche. Maji yametulia, unaona mpaka mawe ya chini. Mitumbwi imevutwa juu, dagaa wameanikwa mchangani, kimya kama nilivyotaka. Nikaanza kufunga turubai kwenye miti miwili.

Sijamaliza kamba ya pili, wakaja mgambo wawili. Hawakuwa wakali. Wakasema mtendaji wa kijiji anatuita, tubebe na vitu vyetu vyote.

Nikafungua kamba, nikakunja turubai, tukawafuata.

Ofisini mtendaji alikuwa mtu wa makamo, mpole, anaongea taratibu. Akatandaza vitu vyetu sakafuni. Turubai, blanketi, dumu, sufuria. Vilipokaa pamoja pale chini ndipo na mimi nikaona wanachokiona. Mke na mume wametoroka kambini, wanasubiri mtumbwi wavuke.

Akaniomba kitambulisho. Nikatoa cha taifa na cha kazi. Akanisikiliza maneno mawili matatu, akatabasamu. "Mwalimu wewe ni wa Tanga. Lafudhi hiyo haijifichi."

Akanirudishia. Yakaisha yangu, hivyo tu.

"Na huyu?"

Editha akapekua begi. Akapekua tena. Kitambulisho kilibaki Kasulu kwenye pochi nyingine. Namba yake haikumbuki, na nani anaikumbuka?

"Ni mke wangu," nikadakia.

"Nimemuuliza yeye. Dada, kwenu wapi?"

"Titye," nikadakia tena. "Kasulu kule, baba yake alikuwa..."

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Mwalimu, kila nikimuuliza unamjibia wewe. Wanaosafirisha watu ndivyo wanavyofanya. Unamjibia kwa nini?"

Kumbe nilikuwa namchimbia shimo. Nikafunga mdomo, na kufunga mdomo kwangu ni adhabu, Editha shahidi.

Akaanza kujieleza mwenyewe. Lakini alishaogopa, sauti imekauka, Kiswahili kinamkimbia anaingiza Kiha. Na nyinyi mnajua, Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Kadiri alivyoongea ndivyo mgambo walivyotazamana.

Mtendaji akasema utaratibu ni huu. Kuna boti inakwenda Kigoma mchana ule ule. Editha atapanda na mgambo mmoja, akabidhiwe kwa wahusika, wamchunguze huko. Mimi niko huru kurudi Kasulu kumtafutia hicho kitambulisho.

Yeye peke yake, wakuu! Mke wangu asindikizwe na mgambo mbele za watu, na mimi nibaki pwani napunga mkono? Na wakimwona si raia, wanampeleka wapi?

Editha akasema polepole, "Mpigie mama yangu."

Nikamnyooshea mtendaji simu ya Editha, aliyokuwa ameiweka mezani akipekua begi. Mtendaji akaizuia. "Hapana. Kwa simu yako utakuwa umeshampanga mtu. Nitajie namba, nipige kwa yangu." Haki yake, siwezi kumlaumu.

Editha akataja namba kwa kichwa. Simu ikaita, ikawekwa sauti kubwa.

"Haloo, ni mama yake Editha?"

"Ni mimi. Wewe nani?"

"Mama, mimi ni mtendaji wa kijiji huku ziwani. Tumemshikilia binti hapa, anasema ni mtoto wako..."

Hakumaliza. Mama mkwe wangu alikuwa ameshaonywa kanisani, ameonywa redioni, ameonywa na mimi mwenyewe kuhusu matapeli wanaopiga simu na habari za mtoto kukamatwa.

"Yewe, mshenzi mkubwa wewe! Mimi sina mtoto huko! Mwizi! Katafute kazi!" Akakata.

Mtendaji akapiga tena, simu haipokelewi. Akapiga tena, imezimwa.

Editha hakulia kwa sauti. Aliinamisha kichwa, machozi yakawa yanadondoka kwenye turubai. Mama yake mzazi amemkana mbele ya serikali. Mgambo mmoja akatoka nje kuangalia boti, akarudi akasema iko karibu kutia nanga.

Nikaomba nami nimsindikize. Nikakataliwa. Nikapiga magoti wakuu, sioni aibu kusema. Mtendaji akaniinua kwa mkono, akasema mwalimu usifanye hivyo, hata mimi sipendi.

Editha akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuvaa viatu.

Ndipo simu yake pale mezani ikaita. Kioo kimeandika Mama.

Mtendaji akainama akaitazama namba. Akatazama na yake aliyopiga. Akaipokea mwenyewe, akaweka sauti kubwa, akamwonyesha Editha kidole aongee.

"Mama."

"Mwana wanje, mwanangu! Uko salama? Yaani kuna litapeli limenipigia, linasema eti wamekushika ziwani! Nimelitukana, nikalizimia na simu! Halafu moyo umekataa, nikasema ngoja nimsikie mwenyewe. Uko wapi? Mumeo yuko hapo? Mbona huongei?"

Editha akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mtendaji ndiye aliyejibu. "Mama shikamoo. Ni mimi lile tapeli."

Mgambo wakaangua kicheko. Mama mkwe akaanza kuomba radhi kwa Kiha na Kiswahili kwa mpigo. Mtendaji akasema mtu aliyepangwa asingeanza na matusi, na boti ikaondoka bila mke wangu.

Mtendaji alituomba radhi kwa kweli. Akatuonya kwamba mgeni anaanzia ofisini kabla hajafunga kamba, na hapo alikuwa na haki. Akatukaribisha kwake, mkewe akatupikia migebuka, samaki wa ziwa hili, kwa nazi ya kunikumbusha Tanga. Mimi nilikula. Editha alishika tonge moja muda mrefu, akalirudisha.

Jioni nikamtoa tukakae pwani. Nikamwambia yameisha, tushukuru Mungu, tazama ziwa lilivyo zuri.

Akaniambia, "Wewe umetoka Tanga, nchi nzima iko katikati ya kwenu na hapa, amekusikia maneno mawili akakurudishia karatasi zako. Mimi kwetu ni nyuma ya milima hii. Nikiongea ndiyo nazidi kuwa mgeni."

Nikamfunika blanketi mabegani. Safari hii sikudakia.

Asubuhi tukapanda boti ya Kigoma, kama abiria wengine, tukarudi Kasulu. Turubai nilimwachia mtendaji aanikie dagaa.

Funzo langu: ukitembea maeneo ya mpakani, anza kwa mtendaji. Mwenzako akiulizwa, mwache ajibu. Na msimdharau anayewauliza mnakwenda kwa nani, anawajali kuliko mnavyodhani.

Hilo ni langu mimi. La Editha ni jingine. Tangu siku ile hata akienda sokoni kununua nyanya anatoka na kitambulisho. Jana nimemwona anarudi mlangoni kukifuata, na soko liko mtaa wa pili. Mtaa wa pili wa Kasulu, wakuu. Kwao.

Mlio Kibondo, Buhigwe, Ngara na kwingine mpakani, karibuni mseme. Nyie mnaishije na hili? Majibu yenu atayasoma yeye.