Karatasi ya Mbuzi

Kalasi yetu ya kwanza, pale Butembo, ilikuwa na kitabu kimoja tu cha kusomea. Vita ilikuwa imefunga barabara, vitabu vipya havifiki. Donc mwalimu alileta kile baba yake alijifunziaka, cha bapadri ba zamani. Akakata uzi wake, akatenga karatasi zote, akazungushia kila moja kadre ya karto ya sabuni kwa gundi ya unga wa muhogo. Kila mutoto alipewa karatasi moja ya kupeleka nyumbani, kisha tunabadilishana. Sheria ilikuwa kali: mwenye kupoteza yake anatoka kalasi.

Mimi nilipata ya mbuzi. Mama aliiona akapiga makofi.

«Yezu Maria! Huyu mbuzi angali muzima? Ni kwake nilianziaka kusoma!»

Akageukia chungu chake cha maharagi, akasema bila kutazama: «Mama anafunga mbuzi.» Kweli, ndivyo iliandikwa. Nilifurahi sana siku ile.

Halafu masasi ya bunduki ikalia, tukakimbilia Vuhovi kwa mama mudogo. Njia yote nilibeba karatasi juu ya tumbo, ndani ya triko. Kufika, ilikuwa imelowa jasho, nikaianika kwenye majani. Mbuzi ya mama mudogo, yenye hakuna mutu aliifunga, ikaikula yote na karto yake. Gundi ya muhogo, hata mimi ningeilamba! Nililia mpaka mama mudogo akauliza nani amekufa.

Tuliporudi Butembo, batoto balirudisha karatasi moja moja, mwalimu ashone kitabu tena. Ikafika zamu yangu.

«Mbuzi imeikula, mwalimu.»

«Imekula nini?»

«Mbuzi.»

Kalasi yote ikaanguka kicheko. Mwalimu hakucheka.

«Toka inje.»

Nilifika mulangoni, haya ikinichoma, na hasira zaidi. Mimi kutoka, na hawa benye kusoma kwa kubahatisha babaki? Nikageuka.

«Mwalimu, naijua yote! Unipatie karatasi na bic!»

Alinitazama sana, akanipatia. Nikaandika mbele na nyuma, kila neno pa nafasi yake, nikachora na mbuzi. Mwalimu akafuata kila mustari kwa kidole, pole pole, mpaka mwisho. Kisha akachukua sindano, akaishona ndani ya kitabu pamoja na zingine.

«Ikala pa nafasi yako,» akasema.

Niliikala, nikajivuna juma nzima. Kosa ilikuwa moja tu: mukila niliushusha mpaka chini.

Miaka imepita. Juzi kitinda mimba wangu, naye wa kalasi ya kwanza pa masomo ileile nilisomeaka, akaingia jikoni na kitabu kizee kwapani. Nilikuwa nakoroga maharagi.

«Mama anafunga mbuzi,» nikamwambia, bila kugeuka.

Akashangaa. «Umejua namna gani? Na wewe ulisomaka hii?»

«Hapana kusoma tu. Huyo mbuzi, ni mimi nilimuchora.»

Akafungua kitabu, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

«Mais mama, kwa nini ulimupatia miguu tano?»