Sindano ya Pili

Maabarani walimwita Mama Daftari, kwa kuwa hakuliamini jambo mpaka aliandike. Alipojifundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akiwa na miaka arobaini na saba, programu yake aliiandika vivyo hivyo, polepole. Ilizungumza na seva, yaani kompyuta ya maabara kuu, kwa vipande vya kazi viitwavyo fanksheni: moja iliulizia majibu, nyingine ilitafuta taarifa za mgonjwa, ya tatu ilipeleka ombi la kutoa damu, ambalo lilimfikia muuguzi likiwa limechapishwa.

Kilichomkera ni marudio. Kila fanksheni ilibeba mistari ileile ya kujaribu tena mtandao ukisuasua. Ndipo akajifunza kutumia kinachoitwa pambo: mistari hiyo unaiandika mara moja tu, kisha juu ya fanksheni unaweka jina lake na alama ya @, nayo inavaa uwezo huo kama koti. Akazivisha zote tatu. Kurasa nne zikawa moja, na siku ile alitembea kifua mbele.

Wiki ya pili, mzee mmoja aliitwa tena kwenye kiti cha kutolewa damu, nusu saa baada ya kuinuka. Alikunja mkono wa shati bila ubishi.

"Binti yangu, damu yangu ni tamu kiasi gani hata mnarudia?"

Muuguzi alicheka. Dakika chache baadaye mkuu wa maabara alimwita muuguzi na kumuuliza kwa nini hakuwa makini, naye akaeleza alichofanya. Karatasi mbili za ombi zilikuja, akachoma mara mbili.

Mama Daftari aliposikia, alifungua kumbukumbu za seva. Maombi mawili, sekunde tano kati yake. La kwanza lilifika salama. Jibu ndilo lililochelewa, na pambo likadhani ombi limepotea, likatuma jingine. Kuulizia majibu mara mbili hakumuumizi mtu. Kuomba damu ni habari nyingine.

Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Aliinuka, akaingia ofisini kwa mkuu.

"Si yeye, mkuu. Ni mimi."

Mkuu alisikiliza, akasema basi warudi kwenye fomu za kujazwa kwa mkono, mambo yote. Mama Daftari hakujitetea. Alifuta mstari mmoja mbele yake, ule wa pambo ulio juu ya fanksheni ya ombi; sasa jibu likichelewa, mtu atapiga simu maabara kuu kwanza.

"Na hizo mbili nyingine?"

"Hizo hazichomi mtu."

Mkuu akaziacha. Maombi ya damu, alisema, yatajazwa kwa mkono kwa mwezi mzima. Papo hapo Mama Daftari akamwomba muuguzi radhi, kisha akatoka kumtafuta mzee, ambaye alikuwa bado amebana pamba kwenye mkono wa pili.