Desa la Kikatiti

Namnyaki wa Oldonyo Sambu alipiga msuli, usiku na mchana akisoma, mpaka sisi wenzake tukajiona wavivu, na kwa kweli tulikuwa wavivu. Madesa, yale maandishi ya waliotutangulia yaliyowahi kupata A, aliyakariri neno kwa neno, mpaka nukta. Ukimuuliza maana, anakukata: "Derick, maana itanipa maksi?" Alitaka kitu kimoja tu, abakizwe chuoni kama mwalimu msaidizi. Ilibaki A moja, ya hifadhi ya udongo.

Mwezi wa tano Daktari Saadi, mhadhiri wa somo hilo, alitupeleka Terrat kuona makorongo. Bibi mmoja mfugaji alituzungusha kwa saa tatu, akieleza kwa Kimaasai kila korongo lilianzia wapi na ng'ombe walikuwa wakipita wapi. Sisi wengine tungeambulia nini? Namnyaki ndiye aliyetutafsiria yote, akimwita bibi "koko", wakicheka, wakibishana. Sijawahi kumwona mwerevu kama siku ile.

Mtihani ukaja: eleza mmomonyoko uliouona kwenye ziara, na namna ya kuuzuia. Nikamshukuru Mungu. Niliandika ya Terrat kwa sababu sikuwa nimekariri chochote.

Matokeo yalinitoa macho. Mimi nina B, Namnyaki amefeli. Namnyaki! Nikamsindikiza ofisini nikijua ni kosa la karani.

Daktari Saadi akafungua karatasi ya Namnyaki, akasoma. Migomba ya Kikatiti. Mifereji ya Kikatiti. Ilikuwa ripoti ya wanafunzi wa mwaka juzi, ambao kweli walipelekwa Kikatiti.

"Wewe Kikatiti ulifika lini?"

"Sijafika, Dokta."

"Si wewe uliyetutafsiria kule Terrat?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

Namnyaki alimtazama kama aliyeulizwa swali la ajabu. "Yale yalikuwa maneno ya koko tu, Dokta. Nilijua somo ni lile la kwenye desa."

Daktari akafunga karatasi, akamwambia atafanya sapu, yaani atarudia mtihani, na anayerudia habakizwi chuoni. Namnyaki akalia. Nilimhurumia, na hapo hapo nilitamani kumtikisa mabega. Somo zima lilipita mdomoni mwake!

Tulipotoka alifuta machozi, akanishika mkono.

"Derick, hii sapu lazima niipasue. Nani ana desa la Terrat?"